Aliyetumia hitilafu ya mchezo mpaka akashinda msimu, tumhukumu kwa kanuni ipi?

Katibu_Ligi

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu juu ya shauri ambalo kamati yetu ya watu watatu imelijadili bila kufikia mwafaka. Tunaendesha ligi ya kirafiki ya miungano ya wachezaji wa Tanzania na Kenya katika mchezo mmoja wa mkakati wa mtandaoni, wa aina ile ya kujenga mji, kuchimba chuma, kulima nafaka, kisha kupeleka majeshi kwenye miji ya wengine. Jina la mchezo nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu swali langu haliihusu kampuni. Linatuhusu sisi tunaocheza.

Msimu uliopita mchezaji mmoja aligundua kwamba msafara wa bidhaa ukighairiwa katika sekunde ileile unapoingia mji wa mpokeaji, seva humpa mpokeaji mzigo wake na papo hapo humrudishia mtumaji mzigo uleule. Magunia elfu moja ya nafaka yanaondoka, elfu moja yanafika, na elfu moja yanarudi. Hakumwarifu yeyote nje ya muungano wake. Walirudia jambo hilo kwa sehemu kubwa ya msimu, hadi kuta zao zikafika ngazi ambayo sisi wengine tulidhani haifikiki kwa muda ule, wakashinda, na sasa wanadai zawadi iliyotokana na michango ya washiriki wote. Kampuni imeziba hitilafu hiyo kwa sasisho la kimyakimya. Haikurudisha hesabu za seva nyuma, wala haikufungia akaunti yoyote.

Utetezi wake ni mfupi na si rahisi kuujibu. Anasema hakuvunja nywila ya mtu, hakutumia programu ya nje, hakugusa faili lolote la mchezo. Alibonyeza vitufe viwili vilivyowekwa na wenye mchezo, kwa mpangilio ambao wenzake hawakuufikiria. Kanuni za ligi yetu zinakataza programu za kusaidia na akaunti pacha, lakini hazisemi neno kuhusu hitilafu. Masharti ya kampuni yanakataza mtu kujinufaisha kwa hitilafu, ila kwa sentensi moja iliyofichika katikati ya kurasa ambazo sote tulizikubali bila kuzisoma. Je, huu ni udanganyifu, au ni werevu ambao tulioshindwa tunauonea wivu? Na wale wanachama waliopokea misafara bila kujua kilichokuwa kikiendelea, nao wana hatia?

Mkuki

Ndugu Katibu, mimi nasimama na mshtakiwa, na nitaeleza kwa nini. Historia ya michezo ya ushindani imejaa mambo ambayo watengenezaji hawakuyakusudia na ambayo leo hakuna anayethubutu kuyaita udanganyifu. Katika StarCraft, mchezo uliotoka mwaka 1998 na ambao Korea Kusini iliukuza hadi ukawa na wachezaji wa kulipwa na matangazo ya televisheni, wachezaji wa Zerg, moja ya jamii tatu za mchezo huo, waligundua kwamba wakichagua Mutalisk 11, viumbe wao wa kuruka, pamoja na kiumbe mmoja aliye mbali, kwa mfano Overlord, wale 11 huacha kutawanyika na kurundikana mahali pamoja kana kwamba ni mmoja. Kundi hilo lilipiga kwa pamoja na kukimbia kwa pamoja, na mapambano kati ya Zerg na jamii ya Terran hayakuwa tena kama yalivyokuwa. Blizzard, kampuni iliyoutengeneza mchezo huo, haikupanga hivyo. Kadhalika wafanyakazi wanaoagizwa kwenda kuchimba madini hupita katikati ya askari bila kuzuiwa. Utaratibu huo uliwekwa ili wasigongane kazini, lakini wachezaji wakaugeuza kuwa njia ya kupenya kizuizi cha adui na kumpeleleza. Hata mapigo ya mfululizo ya Street Fighter II ya mwaka 1991, ambayo michezo ya kupigana iliyofuata imejengwa juu yake, yalianza kama jambo lisilokusudiwa; Capcom, watengenezaji wake, waliliona wakati wa majaribio wakaliacha.

Tukitumia kipimo cha nia ya mtengenezaji, yote hayo tuyafute. Mchezo wa mkakati ni mashindano ya kuona kile ambacho mwenzako hajakiona, na huyu kijana ameona. Kama kuna aliyekosea ni fundi aliyeandika programu na kampuni iliyochelewa kuikagua, nanyi mnataka adhabu imfikie mteja.

Mwamuzi_Mstaafu

Mkuki, mifano yako ya StarCraft ni ya kweli, lakini umeisimulia nusu. Kanuni za mashindano zilizoacha Mutalisk warundikwe ndizo zilizopiga marufuku hitilafu nyingine za mchezo uleule, ikiwemo ile ya kuwafanya Drone, ambao ni wafanyakazi wa ardhini, waelee na kuvuka mahali wasipotakiwa kuvuka. Hitilafu zote hizo hazikukusudiwa, na zote zilifanywa kwa kipanya na kibodi bila programu ya nje. Maana yake ni kwamba waliosimamia mchezo huo hawakuwa wakitafuta nia ya Blizzard peke yake. Walikuwa wakiuliza kama mpinzani bado ana mchezo wa kucheza. Mutalisk waliorundikana wanaonekana kwenye skrini ya kila mtu, wanaweza kupigwa, na kwa kuwa wamerundikana, wanaumia wote kwa pamoja wakipigwa na shambulio linalosambaa. Wachezaji wa Terran walijifunza mahali pa kuweka minara yao na wakati wa kuleta chombo chao cha angani, Science Vessel, na mchezo ukawa mkali zaidi kuliko zamani. Sasa niambie, mpinzani wa muungano huu angejifunza nini dhidi ya nafaka inayozaliana ndani ya seva?

Kuna mfano mmoja mgumu ambao ni vyema niutaje, kwa sababu hauupendelei upande wowote. Mwezi Agosti 2013, katika mashindano ya The International mjini Seattle, timu ya Na'Vi walikutana na TongFu ya China katika Dota 2, mchezo wa timu mbili za mashujaa. Shujaa aitwaye Pudge hurusha ndoano inayomvuta adui hadi aliposimama Pudge. Shujaa mwingine, Chen, ana uwezo wa kumrudisha mwenzake nyumbani kwenye chemchemi, ambako adui yeyote anayeingia huteketea. Na'Vi walipanga muda kiasi kwamba Pudge alirudishwa nyumbani ilhali ndoano yake bado iko hewani, na adui aliyenaswa akavutwa kutoka upande wa pili wa ramani hadi kwenye chemchemi. Walishinda mechi hiyo. Watu wengi walikasirika, lakini matokeo hayakufutwa, kwa sababu mbinu hiyo ilijulikana tangu Dota ya zamani, na aliyeona Pudge na Chen wakichaguliwa pamoja alikuwa na sababu ya kushuku kinachokuja. Baadaye Valve, wenye Dota 2, waliubadilisha mchezo isiwezekane tena. Mimi sikuipenda mbinu hiyo, na nisingewaadhibu. Kuziba mwanya ni kazi ya mtengenezaji. Kupima kama aliyeshindwa alipewa nafasi ya kujibu ni kazi ya mwamuzi, na kazi hizo mbili hazina budi kutenganishwa.

Linganisha na kilichotokea Jönköping, Sweden, mwishoni mwa mwaka 2014, kwenye mashindano ya DreamHack Winter. Counter-Strike ni mchezo wa kulenga shabaha zaidi kuliko wa kujenga miji, lakini shauri lake linafanana na lenu. Timu ya Fnatic walikuwa nyuma sana dhidi ya LDLC ya Ufaransa katika robo fainali, ndipo wakaanza kupandana mabegani kwenye ramani ya Overpass hadi mchezaji wao mmoja akasimama mahali ambapo jicho halioni kitu cha kusimamia, akawa anatazama eneo kubwa la ramani huku wapinzani wakishindwa kumpata. Wakashinda 16 kwa 13. LDLC walilalamika, waandaaji walichunguza, wakaona LDLC nao walikuwa wametumia hitilafu ndogo ya aina hiyo, wakaamua ramani nzima ichezwe upya. Fnatic hawakurudi uwanjani; walijitoa, na LDLC wakaendelea hadi kutwaa ubingwa. Ona kwamba hakuna aliyeitwa mhalifu. Matokeo yaliondolewa, basi.

FundiSeva

Kazi yangu ni kuandika programu za seva, kwa hiyo nianze kwa kueleza kilichotokea ndani, maana hukumu inategemea jambo hilo. Seva ya mchezo wenu ina kazi mbili zinazojitegemea: moja hupokea msafara unapofika, nyingine hushughulikia amri ya kughairi. Kila moja huuliza kwanza kama msafara bado uko njiani, kisha ndipo huandika hesabu mpya. Zikiuliza zote mbili kabla yoyote haijaandika, zote hujibiwa kwamba msafara uko njiani, na zote huandika. Dawa yake inajulikana kwa yeyote anayeshughulika na hifadhidata: swali na uandishi vifungwe pamoja viwe tendo moja lisilogawanyika. Kama mtu angegundua kasoro ya namna hii kwenye huduma ya kutuma pesa kwa simu, akatuma na kughairi usiku kucha huku salio lake likipanda, hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angeuliza kama huo ni werevu.

Utetezi wa kwamba alibonyeza tu vitufe vilivyowekwa unachukulia kwamba programu ndiyo kanuni. Sikubali. Programu ni jaribio la fundi la kuandika kanuni, na mafundi hukosea. Kanuni yenyewe mchezo unamwambia mchezaji waziwazi kwenye skrini ya kutuma msafara: kiasi hiki kinatoka kwenye ghala lako, kiasi hiki kitafika kule. Mchezaji aliyebobea kiasi cha kulenga sekunde ya kuwasili hawezi kudai hakuielewa sentensi hiyo. Hapa ndipo ninapoona mpaka halisi kati ya mifano ya Mkuki na shauri lenu. Mutalisk waliorundikana hawapingani na kauli yoyote ambayo mchezo umeitoa. Kila mmoja ana uhai wake uleule, kasi yake ileile, gharama yake ileile, ila matokeo ya kanuni hizo yakikutana yalimshangaza hata aliyeziandika. Nafaka inayofika na kurudi kwa pamoja inakanusha kauli ya mchezo wenyewe.

Kwa kipimo hicho ninatofautiana kidogo na Ndugu Mwamuzi, ambaye anatilia mkazo kwamba mpinzani aone na ajibu. Nusu ya mkakati ni kuficha. Aliyejenga kambi mahali ambapo adui hatazami hakutoa taarifa kwa mtu, na hakuna anayemlaumu. Usiri peke yake hauthibitishi kitu.

Mwamuzi_Mstaafu

Hapo umenipata kwa sehemu, FundiSeva, nami nitairekebisha kauli yangu: kuficha jeshi ni sawa, kwa kuwa adui anajua kwamba majeshi hufichwa na anaweza kutuma wapelelezi. Tatizo ni kuficha kitu ambacho adui hana njia ya kukipeleleza kwa chombo chochote kilichomo mchezoni. Na ongeza swali hili la kumuuliza mshtakiwa: kwa nini hukuuliza? Mtu anayeamini kwa dhati kwamba amepata mbinu halali huwa hana hofu ya kuiandikia kampuni au kamati mistari miwili. Mchezaji wa mutalisk hakuwa na wasiwasi kwamba ligi ikijua itamzuia. Huyu alinyamaza kwa sababu alijua jibu.

Bi_Nyota

Naomba niingie kwa upande ambao haujaguswa. Mifano mingi iliyotolewa hapa ni ya mechi moja yenye pande mbili, ikiharibika, hurudiwa. Mchezo wa Ndugu Katibu ni ulimwengu mmoja unaoendelea usiku na mchana, wenye soko, ambamo kila gunia la nafaka lina athari kwa watu ambao hata hawajui kuna ugomvi. Mimi nimecheza EVE Online kwa muda mrefu, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland uliofunguliwa mwaka 2003, na sidhani kuna mchezo mwingine uliolazimika kulifikiria jambo hili kwa kina kama huo.

Wasioujua watashangaa kusikia kwamba katika EVE ulaghai kati ya wachezaji unaruhusiwa. Unaweza kujiunga na kampuni ya wenzako, ukapewa dhamana ya hazina, ukaondoka nayo, na wasimamizi wasikuguse. Unaweza kuuza chombo kisichofanana na ulivyokisifia. Lakini hitilafu ya programu ikitumiwa kwa makusudi, wasimamizi huingilia mara moja. Mgeni huona kama mambo hayo mawili yanapingana: aliyeiba kazi ya wenzake ya miaka anasamehewa, aliyeidanganya mashine anafukuzwa. Kwangu hayapingani. Aliyelaghaiwa na mtu alikuwa na kinga yake: angeweza kushuku, kuchunguza, kumnyima mtu huyo funguo. Hitilafu haina kinga, kwa sababu anayedhurika hashughuliki na mwenye kuitumia hata kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 2008 iligundulika kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa na mitambo kwenye vituo vyao vya angani iliyoendelea kutoa malighafi za thamani bila kulishwa chochote. Jambo hilo lilikuwa limefanyika kwa siri kwa muda mrefu. CCP waliziba hitilafu na kufunga akaunti za waliohusika. Fikirieni maana yake sokoni. Kwa kipindi chote hicho mchimbaji wa kawaida, aliyenunua mafuta ya mitambo na kusafirisha malighafi kwa vyombo ambavyo vingeweza kushambuliwa njiani, alikuwa akiuza bidhaa yake kwa bei iliyoshushwa na bidhaa ya bure; na mnunuzi naye alizoea bei ambayo haikuwa ya kweli. Hakuna hata mmoja wao aliyepigana na wale jamaa. Hakuna rekodi ya mechi utakayoirudisha nyuma ukamfidia.

Shauri la pili ni la mwaka 2012 na ni gumu zaidi. Mchezo ulikuwa unatoa pointi kwa kuharibu vyombo vya maadui, na pointi hizo zilikokotolewa kwa kutazama bei ya sokoni ya kilichoharibiwa. Kikundi cha wachezaji werevu kilichagua bidhaa ambazo karibu hakuna anayezinunua, kikazipandisha bei kwa kuuziana chenyewe kwa chenyewe, kisha kikazipakia kwenye vyombo vyao na kuviharibu kwa mikono yao. Walivuna mali nyingi mno, wakaeleza wazi jinsi walivyofanya. Programu haikukosea popote. Ilihesabu kama ilivyoambiwa ihesabu. Kwa kipimo cha FundiSeva wale hawakukanusha kauli yoyote ya mchezo. Hata hivyo CCP waliwanyang'anya walichovuna, kwa sababu uchumi wa wengine wote ungebeba mzigo wake. Mimi naona waliamua sawasawa: kunyang'anya bila kufukuza.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla ya kumhukumu mtu, hesabuni madhara kwa wasiohusika. Kama nafaka ile iliuzwa pia kwa miungano mingine, kuna watu walionunua kwa bei rahisi na watu walioacha kulima kwa sababu haikulipa.

Mkuki

Dada Bi_Nyota, hoja ya soko naiheshimu, na sikuwa nimeifikiria. Lakini mmekimbilia wote michezo ya kompyuta, nami nawarudisha uwanjani. Tarehe 27 Januari 1994, katika mechi ya kufuzu Kombe la Karibiani, Barbados ilihitaji kuifunga Grenada kwa tofauti ya mabao mawili. Waandaaji walikuwa wameweka kanuni ya ajabu kwamba bao la dhahabu, yaani lile linalomaliza mechi papo hapo, katika muda wa nyongeza lihesabiwe kuwa mawili. Barbados waliongoza 2 kwa 0, Grenada wakapata moja zikiwa zimebaki dakika chache, na Barbados, walipoona muda hauwatoshi, wakajifunga wenyewe kwa makusudi ili iwe 2 kwa 2 na waende muda wa nyongeza. Huko walifunga, ikahesabiwa 4 kwa 2, wakafuzu. Hakuna aliyewanyang'anya ushindi. Lawama ilikwenda kwa waliotunga kanuni, na ndivyo ninavyodai hapa.

Mwamuzi_Mstaafu

Mfano mzuri, na hujaumaliza. Grenada walielewa mara moja kilichofanyika. Kwa kuwa hata kufungwa 3 kwa 2 kungewatosha, walianza kutafuta bao kwenye goli lolote, lao au la wapinzani, na Barbados ikalazimika kulinda magoli yote mawili katika dakika zile za mwisho. Kanuni ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa imeandikwa, ilijulikana kwa timu zote mbili kabla ya filimbi, na kila upande uliweza kuitumia. Kama Barbados peke yao wangejua kwamba kibao cha matokeo kikigongwa pembeni kinaongeza bao, hapo tungekuwa na shauri linalofanana na la Katibu.

Wakili_wa_Mwambao

Naongeza jambo moja la upande wa sheria, kwa sababu nimeona kwenye kundi jingine watu wakimtishia mchezaji huyo kwamba atapelekwa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zinashughulikia, pamoja na mengine, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa na kuvuruga data. Mtu aliyeingia kwa akaunti yake halali na kubonyeza amri ambazo kila mchezaji anazo ni mshtakiwa mgumu sana chini ya vifungu vya kuingia bila ruhusa. Marekani walijaribu njia hiyo: wanaume wawili waliogundua hitilafu katika mashine za kamari za Las Vegas mwaka 2009, wakajipatia ushindi kwa kubonyeza vitufe vya kawaida kwa mpangilio fulani, walishtakiwa na serikali kuu kwa sheria ya udukuzi, na kufikia mwaka 2013 mashtaka hayo ya udukuzi yalikuwa yameondolewa. Tena pale pesa zilikuwa halisi. Vitisho vya polisi viacheni. Hili ni suala la makubaliano kati ya washiriki wa ligi na la masharti ya kampuni, nayo kampuni imeshachagua kunyamaza.

Zawadi, hata hivyo, ni jambo tofauti. Hiyo ni pesa ya watu waliochanga wakiamini wanashindania kitu kimoja kwa kanuni moja.

Katibu_Ligi

Nawashukuru nyote. Nimepeleka maelezo ya FundiSeva na ya Bi_Nyota kwa wenzangu kwenye kamati, nao wameyakubali kwa kiasi kikubwa. Lililobaki na kutusumbua ni wanachama wa kawaida wa muungano ule. Wapo waliopokea nafaka kama ambavyo mtu yeyote hupokea msaada wa mwenzake, wakajenga, wakapigana vizuri, na hawakuwa na namna ya kujua kwamba magunia yale yalikuwa yamezaliwa mara mbili. Wapo pia wawili au watatu ambao tunashuku walitambua kitu, kwa sababu waliacha kulima kabisa.

Mwamuzi_Mstaafu

Kuna mfano wa karibuni unaowafaa. Mwaka 2020 iligundulika kwamba hitilafu katika Counter-Strike ilimwezesha kocha kubaki amekwama kwenye sehemu ya ramani na kuona mienendo ya wapinzani wakati mechi ikiendelea. Tume ya uadilifu ya michezo hiyo, ESIC, ilipitia rekodi za mechi za miaka iliyopita na kuwaadhibu makocha 37. Kinachowahusu ninyi ni jinsi adhabu zilivyopangwa. Hitilafu ile iliweza kumtokea kocha bila yeye kuitafuta, kwa hiyo swali halikuwa kama imewahi kumtokea, bali alifanya nini baada ya kuiona: alitoka na kutoa taarifa, au alikaa raundi baada ya raundi. Aliyekaa muda mrefu na kwa mechi nyingi alifungiwa muda mrefu zaidi, na aliyejitokeza mwenyewe kukiri alipunguziwa.

Kwa hiyo aliyepokea nafaka bila kujua hana deni lolote kwa kamati. Wajibu wake unaanza siku alipoona hesabu haziendani. Kuacha kulima ni dalili nzuri, lakini ni dalili tu. Waiteni muwasikilize kwanza, maana mtu anaweza kuacha kulima kwa sababu muungano umempa kazi ya kupigana.

FundiSeva

Nakubaliana, na naongeza ombi la kiufundi. Katika kanuni mpya msiandike tu kwamba hitilafu zimekatazwa, kwa sababu mtabishana kila msimu kuhusu hitilafu ni nini. Andikeni kwamba mchezaji anayeona matokeo yanayopingana na maelezo ya mchezo wenyewe, hasa mali inayoongezeka bila chanzo, aache mara moja na aiarifu kamati ndani ya siku mbili, na kwamba akifanya hivyo hatapoteza pointi hata moja ya alichokipata kabla ya kuarifu. Sehemu hiyo ya mwisho isifutwe na mtu yeyote kwenye kamati. Mkimwadhibu anayetoa taarifa, hamtapata taarifa.

Katibu_Ligi

Rasimu ya uamuzi wetu ni hii: msimu uliopita hautakuwa na mshindi; zawadi itagawanywa upya kwa waliochanga, kila mmoja kwa kiasi chake, wakiwemo wanachama wa muungano ule; mchezaji mwenyewe hafungiwi, ila hatakuwa nahodha msimu ujao; na kifungu cha FundiSeva kinaingia kwenye kanuni kuanzia sasa.

Mkuki

Kufuta matokeo na kurudisha michango nakubali, ingawa nilianza upande mwingine. Hoja ya wasiohusika ndiyo iliyonigeuza, na mfano wangu mwenyewe wa Barbados uliponzwa na Mwamuzi. Lakini hilo la unahodha ni adhabu kwa mtu binafsi, na mnaitoa kwa kanuni ambayo mnaiandika leo. Masharti ya kampuni yalimkataza, kweli, ila kampuni yenyewe haikuyatekeleza, na kanuni za ligi, ambazo ndizo mnazozisimamia ninyi, zilikuwa kimya. Ondoeni kipengele hicho. Na kwenye tangazo, msimwandike kwamba ni mdanganyifu.

Katibu_Ligi

Kipengele cha unahodha nitakirudisha kwenye kamati leo jioni, na nadhani kitaondolewa. Tangazo litasema kwamba matokeo ya msimu yamefutwa kutokana na hitilafu ya misafara iliyotumiwa na upande mmoja bila kamati kuarifiwa. Halitataja jina la mtu.

Mkuki

Hapo sina pingamizi. Msimu mpya ukifunguliwa, niandikishe.